Koperative inataka kununua gari: kodi ya moshi inatugusa namna gani?



Kila musimu wa viazi, swali ni moja katika mikutano ya koperative za Kpandroma na vijiji vya jirani: tununue gari yetu wenyewe ao tuendelee kulipa wenye Fuso? Wengine wako tayari na akiba kidogo. Wengine wameisha kuonyeshwa gari fulani kule Arua ao Kampala, bei nzuri, rangi inangaa. Mbele ya kutosha pesa, kuna jambo moja la kuelewa vizuri: kodi za gari zinazofuata moshi na umri wa gari. Watu wanazani ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Lakini kodi hizo njo zinaamua ni gari ya namna gani inafika kwetu, kwa bei gani, na itakula mafuta kiasi gani kwenye njia ya Bunia.

Kodi ya moshi ni nini?

Mota ikichoma mafuta, inatosha gesi ya kaboni (CO2), ile inayozidisha joto la dunia. Litri moja ya esansi inatoa karibu kilo 2.3 za gesi hiyo. Litri moja ya mazutu inatoa karibu kilo 2.7. Hakuna mota inayoweza kukwepa hesabu hii. Gari inayokunywa litri nyingi inatosha gesi nyingi, njo basi.

Nchi nyingi zimeamua kwamba mwenye gari ya moshi mwingi alipe zaidi. Wanahesabu gramu za gesi kwa kila kilomita moja. Uingereza ilianza mwaka 2001 kupanga kodi ya barabara ya magari mapya kwa gramu hizo. Ufaransa ilianza mwaka 2008: mwenye kununua gari safi anasaidiwa, mwenye kununua gari ya moshi mwingi anaongezewa malipo. Hapa Afrika, Afrika Kusini ilianza tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2010. Kila gari mpya ya watu iliyopita gramu 120 kwa kilomita ililipa randi 75 kwa kila gramu ya juu. Gari ya gramu 160 ilipita kwa gramu 40, basi 40 mara 75, inafanya randi 3,000 juu ya bei, mbele ya kuhesabu TVA. Tangu hapo viwango vilipanda.

Ona nguvu ya kodi ya namna hiyo. Inalipwa siku ya kununua, mteja anaiona kwenye karatasi ya bei, na anaweza kuikimbia kwa kuchagua gari ingine. Kazi yake si kujaza sanduku la leta peke yake. Inataka kugeuza mawazo ya mnunuzi mbele hajatia sahihi.

Namna ya pili: kuhesabu miaka

Nchi zingine hazipimi gramu, zinahesabu miaka ya gari. Mfano mkubwa ni Japani, kule magari mengi yetu yanatoka. Kule gari ya esansi ikipita miaka 13, ao ya mazutu ikipita miaka 11, kodi yake ya kila mwaka inapanda karibu 15%. Tena gari inapelekwa kwenye uchunguzi wa lazima, mara ya kwanza kisha miaka 3, halafu kila miaka 2, na uchunguzi huo unakula pesa. Mujapani mwenye gari ya miaka 12 anahesabu, anaona heri kuuzisha. Gari inapanda meli, inashuka Mombasa ao Dar es Salaam.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2020. Lilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzishwa nje na nchi tajiri, na karibu 40% yalikuja Afrika. Kwa hiyo kodi ya kule inasafisha hewa ya kule, na moshi unahama kuja huku. Sisi njo mwisho wa hiyo safari.

Uganda nayo inahesabu miaka. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Na gari ya watu iliyopita miaka 8 iliwekewa kodi ya mazingira ya 50% ya thamani yake, pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini. Tufanye mfano: gari ya thamani ya dola 6,000 inaongezewa dola 3,000 za mazingira peke yake, mbele ya kodi zingine. Magari ya mizigo yana kiwango chake. Na kila mwaka mwezi wa 6 bajeti ya Uganda inasomwa, viwango vinaweza kugeuka. Usitumie namba za mwaka uliopita.

Kenya ilijaribu njia ya tatu. Mwaka 2024 serikali yao ilipendekeza kodi ya kila mwaka ya 2.5% ya bei ya gari. Vijana waliingia barabarani juu ya ile sheria nzima ya fedha, na mwezi wa 6 rais aliiondoa. Lakini tuelewe tofauti: kodi ya bei inaumiza mwenye gari mpya na safi zaidi kuliko mwenye gari nzee ya moshi, kwa sababu gari mpya njo iko na bei kubwa. Kodi ya moshi inafanya kinyume. Mtu akisema tu «kodi ya gari», muulize: inahesabu nini?

Kwetu Congo inahesabiwa nini?

Hapa kwetu vignette tunayolipa kila mwaka haiangalii moshi wala miaka. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1969. Kwa gari ya watu inaangalia nguvu ya mota, ile namba ya CV iliyoandikwa kwenye carte rose: kutoka 1 mpaka 10, kutoka 11 mpaka 15, na juu ya 15. Inaangalia tena kama gari ni ya mtu binafsi ao ya kampuni na shirika. Kwa gari ya mizigo inaangalia uzito: chini ya kilo 2,500, kati ya 2,500 na 10,000, na juu ya 10,000. Ndani yake kuna na taxe ya kuzunguka barabarani.

Basi Canter ya mwaka 1996 inayotosha moshi mweusi kama jiko la matofali, na Canter ya 2014 yenye mota nzima, zikiwa na uzito mmoja zinalipa vignette moja. Kwa upande huo, sheria yetu haikuambii kitu juu ya kuchagua gari safi.

Lakini kuna kodi ingine ambayo watu hawaioni. Iko ndani ya mafuta. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutengeneza barabara, na pesa yake inatoka kwenye péage na kwenye kila litri ya mafuta inayouzishwa. Juu ya litri kuna tena duani na TVA ya 16%. Hii njo kodi yetu ya moshi, hata kama hakuna mtu anaiita hivyo. Anayechoma litri 40 analipa zaidi kuliko anayechoma 30, kila safari, kila juma, mpaka gari ife. Hata ukinunua kwa kadhafi kando ya njia, bei yake inafuata bei ya stesheni.

Kuna na mlango wa kuingilia. Mwezi wa 10 mwaka 2012, dekre ya serikali ya Kinshasa ilikataza kuingiza magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 10. Sasa tunaona magari mazee kila siku njiani, na mtu anaweza kuzani sheria haipo. Sheria ikiwa inalegezwa siku moja na kukazwa siku ingine, mwenye hasara ni mnunuzi aliyefika Goli siku ya kukazwa. Mbele ya kulipa muuzaji, mtume mtu wa koperative kwa DGDA kuuliza: gari ya mwaka huu, ya uzito huu, yenye usukani kuume, inaingia leo kwa masharti gani? Arudi na jibu la karatasi.

Usilipe kodi ya Kampala bila sababu

Hapa njo koperative nyingi zinaweza kupoteza. Kuna njia mbili za kununua kupitia Uganda.

Njia ya kwanza ni gari ya transit. Imeshuka Mombasa, inapita Uganda ikiwa imefungwa kwa karatasi za duani, inakuja Congo. Kodi ya mazingira ya Uganda haiigusi, kwa sababu haikuingia sokoni kule. Unalipa duani ya Congo peke yake.

Njia ya pili ni gari ambayo iko tayari na namba ya Uganda, imetembea Kampala ao Arua. Mwenyewe aliisha kulipa kodi zote za kule, na ya mazingira ndani yake, na amezitia katika bei. Wewe unamrudishia ile pesa, halafu unafika Goli unalipa duani ya Congo tena. Kodi mara mbili kwa gari moja.

Gari ya namba ya Uganda inaweza kuwa nzuri, unaweza hata kuijaribu kwenye mlima mbele ya kununua. Lakini ujue unalipia nini, na uombe bei ishuke. Na kama muuzaji anakusukuma haraka juu ya gari ya miaka 16 ao 17, jiulize kwa nini hairudishe sokoni mwa kwake.

Hesabu ya gunia

Sasa tuweke hesabu mezani. Tuchukue safari ya kilomita 200, kwenda na kurudi, na mzigo wa magunia 30 ya kilo 100. Tuseme litri ya mazutu ni dola 1.5, weka bei ya siku yako.

Gari A ni ya miaka ya karibu, inakunywa litri 15 kwa kilomita 100. Safari moja ni litri 30, yaani dola 45. Kwa gunia moja ni dola 1.5.

Gari B ni nzee, mota imechoka, inakunywa litri 20 kwa kilomita 100. Safari moja ni litri 40, yaani dola 60. Kwa gunia moja ni dola 2.

Nusu dola kwa gunia inaonekana kidogo. Fanya safari mbili kwa juma, safari 100 kwa mwaka. Gari B inakula litri 1,000 zaidi, dola 1,500 kila mwaka. Kama gari B ilikuwa chini kwa dola 3,000 siku ya kununua, kisha miaka miwili faida yote imeisha, na mwaka wa tatu unaanza kulipa hasara. Bado hatujahesabu pompe, injektere, na siku gari inalala njiani na kabichi inaoza juu yake. Zile litri 1,000 zinatosha tena kilo 2,700 za gesi ya kaboni.

Kwa hiyo Mwingereza anasukumwa na karatasi ya kodi, na sisi tunasukumwa na bidon. Tofauti ni kwamba yeye anaonyeshwa namba siku ya kununua, na sisi tunaiona kidogo kidogo, kwa miaka, wakati pesa imeisha kutoka. Kazi ya komite ni kuleta ile namba mbele, iwe mezani siku ya mkutano.

Mlima wetu na mota

Kuna jambo moja ambalo muuzaji wa Kampala hatakwambia. Kpandroma iko juu, zaidi ya mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi. Mota ya mazutu isiyo na turbo inapoteza karibu 10% ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ikikosa hewa ya kutosha, mafuta hayaungui yote, yanatoka kama moshi mweusi. Ule moshi ni pesa yako inatokea nyuma. Mota ya turbo inasukuma hewa yenyewe, inaumia kidogo tu. Kwa mtu wa hapa, turbo nzima ina maana kuliko redio na rangi.

Tena rangi ya moshi inasema ukweli kuliko muuzaji. Washa mota ikiwa baridi, halafu ikiwa moto, halafu panda mlima na mzigo:

- Moshi mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo. Filtre ya hewa imeziba, injektere zimeharibika, ao turbo imechoka.
- Moshi wa bluu: mota inachoma oili. Segma ao valve zimekwisha. Hii ni matengenezo makubwa.
- Moshi mweupe usioisha hata mota ikiwa moto: mafuta hayaungui, ao maji yanaingia ndani. Kimbia.

Chukua mekanisie ambaye hafahamiani na muuzaji. Mulipe siku yake. Ni pesa ndogo kupita zote mtakazotosha.

Na gari za umeme? Rwanda iliondoa kodi za kuingiza magari ya umeme tangu mwaka 2021, na kule yanaongezeka. Kwetu, bila umeme wa kutegemea, bado si gari ya kubeba viazi. Angalieni tena hybride nzee zinazouzishwa bei ya chini: betri yake ikikufa, bei ya ingine inaweza kumeza akiba yenu, na mekanisie wa kuifungua hapa hapatikane rahisi.

Karatasi kwa jina la nani?

Gari ya koperative iandikwe kwa jina la koperative. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo Congo inaifuata tangu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012, inaipa koperative iliyoandikishwa utu wake mbele ya sheria. Inaweza kuwa na mali kwa jina lake. Carte rose ikiwa kwa jina la prezida, siku anahama ao anakufa, gari inakuwa urizi wa watoto wake, na wanachama wanabaki na kelele.

Mtu anaweza kuwaambia: «Muandike kwa jina la mtu, vignette itakuwa chini.» Kwa gari ndogo ya watu, ni kweli bei ya mtu na ya shirika si moja. Lakini gari ya mizigo inalipa kwa uzito. Angalieni kwamba carte rose inaandika vizuri kazi ya gari na uzito wake, juu kosa moja pale linawafuata kila mwaka. Na ombeni quittance kwa kila malipo, hata kwenye barrière. Pasipo karatasi, hakuna hesabu ya gunia.

Maswali ya kuleta kwenye mkutano mkubwa

Mbele wanachama hawajainua mikono, komite ijibu haya, kwa namba:

1. Gari ilitengenezwa mwaka gani? Mwaka wa chasi, si mwaka wa kuandikishwa Uganda.
2. Ni ya transit ao iko na namba ya Uganda? Kama iko na namba, kodi ya kule imetiwa kiasi gani ndani ya bei?
3. DGDA wanasema nini leo kwa gari ya umri huo?
4. Inakunywa litri ngapi kwa kilomita 100, ikiwa na mzigo, kwenye mlima? Nani aliipima?
5. Kwa mwaka, jumla ya mafuta, vignette, bima, péage, pneu na mekanisie ni ngapi? Gawanyeni kwa magunia.
6. Leo tunalipa wenye Fuso pesa ngapi kwa gunia?

Kama jibu la namba 5 limepita jibu la namba 6, musinunue mwaka huu. Kukodisha pamoja, koperative mbili tatu kwa gari moja yenye kujaa, kunaweza kupunguza bei ya gunia bila kutia akiba hatarini. Gari inayorudi mtupu inachoma mafuta sawa na hasara.

Kama jibu la namba 5 liko chini, na komite imeleta karatasi zote, basi mununue, na muanze daftari siku ileile: litri zilizoingia, kilomita zilizotembea, magunia yaliyobebwa. Kisha miezi 3, litri zikianza kupanda na kilomita zikiwa zilezile, gari inawaambia iko mgonjwa. Itengenezwe mapema, mbele ya musimu.